Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Viwango vya Kufuzu na Uteuzi wa Timu ya Taifa ya Kuogelea

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wazazi, waogeleaji na makocha wa Bukavu, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, ambao huyauliza karibu kila wiki, ama ufukweni baada ya mazoezi ya asubuhi, ama nje ya bwawa la hoteli watoto wanapojikausha. Mengine huulizwa kwa shauku na mengine kwa hasira, na yale ya hasira ndiyo yaliyopewa majibu marefu zaidi. Namba zilizotumika ni za Olimpiki ya Paris 2024. Kila duru ya Olimpiki huja na jedwali lake, hivyo namba hizi zisomwe kama mfano wa jinsi mambo yanavyoendeshwa.

## Mambo ya msingi

Muda wa kufuzu ni nini hasa?

Ni muda unaowekwa na shirikisho la dunia la michezo ya majini, World Aquatics, lile ambalo wazee wa mchezo bado wanaliita FINA. Mwogeleaji anapaswa kuufikia au kwenda chini yake katika mbio maalumu, ndani ya kipindi kilichotangazwa. Kwa Paris, kipindi hicho kilianza tarehe 1 Machi 2023 na kwisha tarehe 23 Juni 2024. Muda uliopatikana siku moja kabla au siku moja baada ya hapo haukuhesabiwa, hata ungekuwa mzuri namna gani.

Muda wenyewe haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Wataalamu walitazama mchujo wa Olimpiki ya Tokyo na kuchukua muda wa mtu aliyeshika nafasi ya 14 katika kila mbio. Nusu fainali, ambayo huwapo katika mbio zisizozidi mita 200, huchukua watu 16, kwa hiyo katika mbio hizo anayefikia muda wa kufuzu ni mtu ambaye, kwa hesabu za Tokyo, tayari angekuwa ndani ya nusu fainali ya Olimpiki. Mzazi akilielewa hili moja, maswali mengi yanayofuata humwia mepesi.

Kuna tofauti gani kati ya muda wa kufuzu na muda wa kufikiriwa?

Muda wa kufuzu humpa mwogeleaji haki ya kuandikishwa na nchi yake. Muda wa kufikiriwa, ambao ni mwepesi kidogo, humweka kwenye foleni tu: ataitwa iwapo nafasi zitabaki, kwa sababu idadi ya waogeleaji wa Paris iliwekewa ukomo wa watu 852.

Katika mita 50 mtindo huru, muda wa kufuzu kwa wanaume ulikuwa sekunde 21.96 na wa kufikiriwa 22.07, kwa wanawake ulikuwa 24.70 na 24.82. Katika mita 100 mtindo huru, wanaume walitakiwa kufikia 48.34 na wanawake 53.61. Pengo kati ya viwango hivyo viwili lilikuwa nusu ya asilimia moja. Kwa Tokyo pengo lilikuwa asilimia 3, na hapo ndipo unatoka mkanganyiko wa makocha wengi, ambao bado wana kichwani ule ukarimu wa zamani na kuwaahidi vijana kwamba kiwango cha pili kinafikika.

Nchi moja inaruhusiwa kupeleka watu wangapi?

Wawili katika kila mbio ya mtu mmoja mmoja, iwapo wote wawili wana muda wa kufuzu, au mmoja tu kama alichonacho ni muda wa kufikiriwa. Kwa jumla, timu haiwezi kuzidi wanaume 26 na wanawake 26. Ukomo huo huwaumiza Wamarekani na Waaustralia. Sisi bado hautuhusu.

Basi mtoto akifikia muda, safari imepatikana?

Hapana. Muda humruhusu mwogeleaji kuandikishwa, lakini hauandikishi jina lake. Jina hupita kwa klabu, kisha antante ya mji (chama cha klabu za mji), ligi ya jimbo na shirikisho la taifa, na mwishowe Kamati ya Olimpiki ya Kongo ndiyo inayolituma. World Aquatics haipokei barua ya mzazi wala ya kocha. Jina likikwama katika ngazi mojawapo, muda hubaki kuwa namba nzuri kwenye karatasi. Namna ya kufuatilia jambo hilo imeelezwa katika swali la mtoto ambaye jina lake halionekani.

## Saa, bwawa na mahali pa kupimia

Je, muda uliopimwa ziwani unakubalika?

Haukubaliki kwa mbio za bwawani, na hakuna njia ya kuukubalisha. Nalisema hili kwa masikitiko kidogo, kwa kuwa vijana wetu wengi wamejifunza kuogelea Ziwa Kivu kabla hawajaliona bwawa, na katika klabu yetu tulikuwa tukipima mita 100 kwa kamba iliyofungwa kutoka kwenye mti wa ufukweni hadi kwenye mtumbwi. Mtumbwi husogea, kamba hulegea, na mawimbi yanayotoka upande wa kisiwa cha Idjwi humsukuma mmoja na kumrudisha mwenzake. Siku moja tulimpata kijana mwenye muda ambao ungemfikisha fainali ya Olimpiki. Tulipoipima kamba upya, ilikuwa na mita 81.

Bwawa la mashindano lina urefu wa mita 50 ambao haruhusiwi mtu kuupunguza hata kidogo. Kinachovumiliwa ni ziada ndogo sana tu. Ziwa ni zuri kwa kujenga pumzi na ujasiri, lakini haliwezi kutoa ushahidi wa namna hiyo.

Na bwawa la mita 25?

Kwa Olimpiki halifai. Bwawa fupi lina mageuzi mengi zaidi, na kila mwogeleaji anapogeuka anausukuma ukuta kwa miguu na kuteleza chini ya maji kwa kasi kuliko ile ya mikono. Mwaka 2021 Kyle Chalmers wa Australia aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 44.84 katika bwawa la mita 25, ilhali katika bwawa la mita 50 Pan Zhanle wa China aliweka rekodi ya dunia Paris mwaka 2024 kwa 46.40. Umbali ni uleule, na tofauti inazidi sekunde moja na nusu.

Mabwawa ya mahoteli huwa mafupi kuliko hata hapo. Muda unaopatikana humo ni wa daftari la mazoezi tu.

Kwa nini saa ya mkononi haikubaliki, ingawa walioishika ni watu watatu waaminifu?

Hakuna anayetilia shaka uaminifu wao. Shida ni kidole. Mpimaji huchelewa kidogo kuibonyeza saa baada ya kusikia ishara ya kuanza, lakini mwishoni huuona mkono ukikaribia ukuta na kubonyeza bila kuchelewa vile. Matokeo yake ni kwamba muda wa mkono kwa kawaida hutoka mfupi kuliko ukweli. Katika mbio ambazo kiwango cha kwanza na cha pili vinatenganishwa na sehemu 11 za mia za sekunde, kosa la kidole linatosha kumfuzisha asiyestahili.

Mtambo wa kielektroniki huanza pamoja na ishara na kusimama mwogeleaji anapokigusa kibao kilicho ukutani. Nao una mipaka yake. Munich mwaka 1972, katika mita 400 za mchanganyiko wa mitindo, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walilingana hadi sehemu ya mia, na dhahabu ikatolewa kwa Larsson kwa sehemu mbili za elfu za sekunde. Kwa mwendo wao huo ni umbali wa milimita tatu hivi, yaani chini ya kile ambacho fundi wa ujenzi anaweza kukidhamini anapojenga kuta za bwawa. Baadaye kanuni zikabadilishwa, na tangu hapo wanaolingana kwenye sehemu ya mia hugawana nafasi.

Ni mashindano gani yanayotambuliwa?

Mashindano ya dunia, ya bara, ya taifa, na mengine ya kimataifa yaliyoidhinishwa mapema na World Aquatics. Neno la kushika hapo ni *mapema*. Mashindano mazuri yenye bwawa sahihi na mtambo sahihi, lakini ambayo hayakuombewa idhini kabla ya kufanyika, hayatoi muda wa kufuzu, na idhini haiombwi baada ya matokeo. Kwa hiyo kabla familia haijachanga nauli ya kumpeleka kijana Kampala, Nairobi au Lusaka, swali la kwanza kwa waandaaji liwe hilo.

Muda wa mbio za kupokezana unahesabiwa kama muda wa mtu binafsi?

Ni wa mwogeleaji wa kwanza peke yake, kwa kuwa yeye huondoka kwa ishara. Wanaofuata huondoka wakimtazama mwenzao akigusa ukuta, na wanaweza kuanza kuinama kabla hajafika, jambo linalowapa faida.

Bukavu iko juu sana. Je, tunapunguziwa chochote?

Mji wetu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi humchosha mwogeleaji wa mita 400 au 1,500 mapema kuliko mwenzake wa pwani. World Aquatics haifanyi marekebisho yoyote kwa ajili hiyo.

Pointi zinazotajwa kwenye matokeo zinahesabiwaje?

Huchukuliwa muda wa kipimo, ambao ni rekodi ya dunia ya mbio ile, ukagawanywa kwa muda wa mwogeleaji. Jibu huzidishwa kwa lenyewe, kisha kwa lenyewe tena, halafu huzidishwa kwa 1,000. Tukitumia 46.40 ya Pan kuwa kipimo, kijana mwenye sekunde 58.00 katika mita 100 mtindo huru anapata 0.8, nayo ikizidishwa namna hiyo (0.8 × 0.8 × 0.8) inakuwa 0.512, yaani pointi 512. Mwenye dakika 1 na sekunde 10 anapata 291.

Tazameni jinsi pointi zinavyoporomoka. Sekunde 12 zimekula zaidi ya pointi 200. Faida ya pointi ni kwamba humwezesha mteuzi kumlinganisha wa mtindo wa mgongo na wa mtindo wa kipepeo, ambao hawawezi kukutana katika mbio moja. Kwa nchi yenye nafasi moja au mbili tu, ulinganisho huo ndio wenye haki zaidi kuliko mwingine wowote ninaoujua.

## Uteuzi wenyewe

Nchi nyingine huchaguaje timu?

Marekani huchagua kwa mbio. Mwaka 2024 waogeleaji wao walikutana Indianapolis, katika bwawa lililojengwa ndani ya uwanja wa mpira wa Kimarekani, na wawili wa kwanza wenye muda wa kufuzu wakachukua nafasi. Katika mita 100 na 200 mtindo huru walichukuliwa wengine zaidi kwa ajili ya kupokezana. Aliyeshika nafasi ya tatu alirudi nyumbani, hata kama angeweza kupata medali chini ya bendera nyingine. Mfumo huo ni mkali, lakini hauna manung'uniko ya chumbani, kwa sababu kila mtu aliuona ukuta ukiguswa.

Nchi nyingine huwa na kamati, ambayo huangalia muda, pointi, umri na afya. Kamati si kitu kibaya, mradi vigezo viwe vimeandikwa na kutangazwa kabla ya msimu kuanza. Vigezo vinavyotajwa baada ya majina kutoka si vigezo; ni maelezo ya uamuzi uliokwisha kufanywa.

Nchi isiyo na mwogeleaji yeyote aliyefuzu inakwendaje Olimpiki?

Kwa nafasi za ushiriki wa mataifa yote. Kwa Paris, nchi ya namna hiyo iliweza kumwandikisha mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwa sharti kwamba awe ameshiriki mashindano ya dunia ya Fukuoka 2023 au ya Doha 2024. Sharti hilo ndilo linalosahaulika. Mwogeleaji ambaye hakupelekwa Fukuoka wala Doha alikuwa amekwisha kuikosa Paris, pengine bila yeye mwenyewe kujua, na huku bado akiamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini.

Kwa hiyo, kwa nchi kama yetu, uteuzi wa Olimpiki huanza pale majina ya mashindano ya dunia yanapoandikwa. Anayesubiri mwaka wa Olimpiki ndipo aulize amechelewa.

Je, si aibu kupeleka mtu anayeachwa mbali?

Swali hili huulizwa kwa kicheko, nami hulijibu bila kicheko. Sydney mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Alikuwa amefanya mazoezi katika bwawa dogo la hoteli, na bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza huko huko Sydney. Beijing mwaka 2008, Mkongo mwenzetu Stany Kempompo Ngangola aliogelea mita 50 kwa sekunde 35.19, katika mbio ambayo César Cielo wa Brazil aliishinda kwa 21.30.

Pengo la karibu sekunde 14 halielezi uvivu wa mtu. Linaeleza ukosefu wa mabwawa. Nafasi hizi ziliwekwa ili mchezo usibaki wa nchi zenye mabwawa tu. Aibu, kama ipo, ni kuitumia nafasi hiyo kila baada ya miaka minne bila kumtafutia mwogeleaji wa kesho mahali pa kufanyia mazoezi.

Mtoto wetu ana kasi kuliko aliyechaguliwa, lakini jina lake halionekani. Tufanye nini?

Kabla ya kugombana na mtu, kagueni mambo manne. Je, muda wake ulipatikana katika bwawa la mita 50, kwa mtambo, katika mashindano yaliyoidhinishwa? Je, ana leseni ya shirikisho ya msimu huu? Je, pasipoti yake ni halali na majina yake yameandikwa vilevile katika kila hati? Je, alitimiza sharti la mashindano ya dunia lililoelezwa hapo juu? Katika malalamiko niliyoyasikia kwa miaka mingi, kubwa zaidi lilikuwa la kijana ambaye matokeo yake hayakuwahi kutumwa na waandaaji kwa yeyote. Karatasi ilibaki ndani ya droo ya kiongozi mmoja, naye akaendelea kutuambia kwamba mambo yako njiani.

Mambo hayo yote yakiwa sawa, klabu, wala si mzazi, iandike barua kwa ligi ya jimbo na nakala kwa shirikisho, ikiomba vigezo vya uteuzi kwa maandishi na matokeo yaliyotumika. Barua iwe fupi, iwe na tarehe, na ipokelewe kwa muhuri. Rufaa huanzia ndani ya shirikisho. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne husikiliza kesi za aina hii pale katiba ya shirikisho inaporuhusu na ngazi za ndani zikiwa zimekwisha, lakini gharama zake si za klabu ya ufukweni.

## Hali zisizo za kawaida

Kuna umri wa chini?

Kanuni ya kawaida ya mashindano ya dunia ni miaka 14, lakini aliye chini yake anaweza kuingia akiwa na muda uliowekwa. Yu Zidi wa China aliogelea Singapore mwaka 2025 akiwa na miaka 12, na akashika nafasi ya nne katika mita 200 kipepeo. Wazazi wasiuchukue mfano huo kuwa ratiba.

Mwogeleaji aliyezaliwa Ubelgiji na wazazi Wakongo anaweza kutuwakilisha?

Anaweza, akiwa na uraia wa Kongo. Ugumu uko katika kifungu cha 10 cha Katiba yetu, kinachosema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Kama amewahi kuiwakilisha nchi nyingine, Mkataba wa Olimpiki humtaka kwa kawaida asubiri miaka mitatu tangu mara yake ya mwisho.

Ikiwa bingwa atakosea siku ya mchujo wa taifa?

Mwaka 2004, katika mchujo wa Australia, Ian Thorpe, bingwa wa Olimpiki wa mita 400 mtindo huru, alipoteza mizani kwenye jukwaa la kuanzia na kuanguka majini kabla ya ishara. Kanuni ni ileile kwa bingwa na kwa anayeanza, hivyo akaondolewa. Baadaye Craig Stevens, aliyekuwa ameipata nafasi, aliamua mwenyewe kuiacha, na Thorpe akaenda Athens akashinda dhahabu. Shirikisho halikuvunja kanuni zake ili kumwokoa. Aliyefungua njia ni mwenye nafasi.

Na shirikisho lenyewe likikosea?

Hutokea hata kwa wakubwa. Mwaka 2021 Poland ilifikisha waogeleaji 23 Tokyo, ikagundulika kwamba wanaostahili ni 17, na sita wakarudishwa nyumbani kabla ya mashindano kuanza. Kosa lilikuwa la kusoma vibaya kanuni za wale wanaokwenda kwa ajili ya kupokezana tu.

Dawa za mitishamba zinaweza kumharibia mwogeleaji?

Zinaweza. Katika kanuni za kupambana na dawa haramu, mwanamichezo anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, iwe alijua au hakujua. Dawa isiyo na karatasi inayoeleza kilichomo ndani, hata ikitoka kwa bibi anayempenda, iachwe msimu wa mashindano.

Ziwa letu basi halina faida yoyote katika kufuzu?

Linayo, kwa mlango mwingine. Mbio za kilomita 10 katika maji ya wazi zimo Olimpiki tangu 2008, na humo hakuna muda wa kufuzu, kwa sababu mawimbi na mikondo ya mahali pamoja haifanani na ya pengine. Kinachohesabiwa ni nafasi uliyoshika. Kwa Paris zilikuwapo nafasi 22 kwa kila jinsia: 3 zilitoka Fukuoka, 13 zilitoka Doha, 5 zilikuwa za mabara, moja kwa kila bara, na 1 ya mwenyeji. Maana yake ni kwamba Mwafrika mmoja wa kila jinsia alikuwa na nafasi ya bara lake, na wapinzani wake halisi walikuwa waogeleaji wa Afrika.

Kanuni hutaka maji yawe kati ya nyuzi 16 na 31, na Kivu hukaa ndani ya mipaka hiyo mwaka mzima. Anayetaka kujaribu njia hiyo asiogelee kamwe bila mtumbwi wa kumsindikiza, aanze na kilomita 3, na achukue leseni kwa shirikisho lile lile la kuogelea, kwa maana majina ya kilomita 10 nayo hupita katika ngazi zile zile.